Krimplini Haiozi

Nilikuwa nachimba shimo la mgomba kwenye kona ya uwanja wa nyumba ya marehemu Bibi, jembe likakwama. Nikavuta. Likatoka na kitambaa cha ukubwa wa kiganja cha mtu mzima, pembe nne, kimeshikana na udongo mwekundu kama kimezaliwa nao. Nikakipeleka bombani, nikakisugua kwa sabuni ya kipande, na mbele ya macho yangu yakatokea maua ya rangi ya chungwa yenye viini vya kahawia, yanang'aa kama yametoka dukani asubuhi ile ile. Krimplini. Ililala ardhini tangu mimi nina meno ya utotoni. Masika zote za Songea zimepita juu yake, mchwa wamekula nguzo za choo wakala na mlango wa jikoni, lakini hiyo waliinusa wakaiacha. Nikapitisha kidole ukingoni. Ulikuwa mgumu kidogo, una vinundu vidogo vidogo kama punje za ulezi. Nikaujua mkono uliovifanya. Nikakaa pale pale kwenye tope, hasira ikanipanda, na si hasira ya mchezo: ingetosha kuivisha maharage ya harusi.

Mimi kwa kawaida ni mtu wa kucheka. Waulizeni niliosoma nao masomo ya jioni, watu wazima tuliokuwa tunasinzia juu ya hesabu za pembetatu. Mimi ndiye niliyekuwa nawaamsha kwa vichekesho mpaka mwalimu akatishia kunihamishia darasa la asubuhi, nikakae dawati moja na mwanangu. Na chumvi natia, sikatai. Bibi alikuwa akisema nikiona sungusungu wawili natangaza jeshi. Lakini hili nitalisimulia na chumvi kidogo, maana lenyewe lina chumvi yake. Mtaiona.

Ninyi wa rika langu mnaikumbuka miaka ile biashara ya nguo ilipofunguliwa. Kabla yake duka la ushirika lilikuwa na rafu za vumbi na muuzaji anayepiga miayo, na gauni la Krismasi lilikuwa la Krismasi tatu: ya kwanza linaburuza, ya pili linakaa, ya tatu linabana kwapa. Halafu ikaja ruksa. Wafanyabiashara wakaanza kuteremsha majora kwenye malori, tetroni ya kila rangi, krimplini yenye maua makubwa kama masinia, na mji mzima wa Songea ukaugua ugonjwa wa kushona. Karani alishona, nesi alishona, hata mkulima aliyekuja mara moja kwa mwezi kutoka Mpitimbi kuuza mahindi alirudi kwao na suruali ya tetroni yenye mkunjo unaoweza kukata nyama.

Fundi wao alikuwa mmoja, Severini. Mafundi wengine walikuwepo, lakini Severini ndiye aliyekuwa na jina. Baraza yake ilikuwa karibu na soko, cherehani ya miguu mbele, futi ya kupimia shingoni, na sauti nzito ya besi iliyokuwa inaibeba kwaya yetu ya kanisani. Na chini ya cherehani yake kulikuwa na mali ambayo hakuna aliyeiona kuwa ni mali isipokuwa Bibi yangu Otilia: masalio ya vitambaa.

Mimi nilikuwa naishi na Bibi peke yetu. Baba na Mama walikuwa Namtumbo kwenye tumbaku, na mimi niliachwa mjini nisome. Makubaliano yalikuwa wazi hata kwangu mtoto: Bibi akiweza kunilisha na kuninunulia sare, nasoma, akishindwa, narudi Namtumbo kufunga majani ya tumbaku kama watoto wengine. Na kitu kilichokuwa kinanilisha na kunivisha kilikuwa blanketi la vipande alilokuwa akilishona na kuliuza. Wenye kamusi wanaliita mfarishi, neno ambalo nililikuta ukubwani kwenye masomo yangu ya jioni. Sisi tulisema blanketi la vipande, na baridi ya Songea haikuuliza jina. Mwezi wa sita ukungu wa Matogoro ukishuka, mtu unaamka pua huna, unaitafuta kitandani. Aliyekuwa na blanketi la Otilia aliamka na pua yake.

Kila Ijumaa Bibi alipita pale barazani na kikapu cha magimbi ya kuchemsha, na Severini akimwona tu anapaza sauti mpaka wauza dagaa wanageuka.

"Otilia! Njoo uwachukue wachumba wako, wamenijaa miguuni!"

"Waambie wajipange mstari," Bibi anajibu. "Mimi siolewi na vurugu."

Watu wanacheka, Severini anapokea magimbi, anajaza kiroba kwa mikono yake mwenyewe, anakishindilia kwa goti. Nilikuwepo. Nilishika mdomo wa kiroba.

Nyumbani Bibi alimwaga kiroba mkekani, akachagua, akapima kila kipande kwa kadi iliyokatwa kwenye boksi la sabuni. Tetroni ina tabia mbaya: ukiikata tu inaanza kuchanua nyuzi, unashona leo, kesho mshono umeshika hewa. Krimplini ni afadhali, lakini Bibi hakubagua. Dawa yake ilikuwa moto. Alikuwa na vishina vya mishumaa alivyopewa na sista wa sakristia, vile vinavyobaki altareni. Anawasha, anashika kipande kwa vidole viwili, anapitisha ukingo pembeni ya mwali haraka, kama unavyompita mbwa usiyemjua. Nyuzi zinayeyuka, zinashikana, zinaacha vile vinundu. Akichelewa kidogo kitambaa kinakunjamana na kuwa cheusi. Sikuwahi kumwona akichelewa. Harufu yake ilikuwa nusu sukari iliyoungua, nusu kifuniko cha ndoo, na mimi niliipenda, maana iliponukia nilijua nitakula.

Baada ya hapo ni sindano. Juu vipande, chini kitambaa cha mifuko ya unga, katikati masweta yaliyokufa na blanketi lililochakaa, na yote yanapigwa bandi ndefu ndefu mpaka yanakubaliana. Mimi kazi yangu ilikuwa kutunga uzi, na Bibi kazi yake nyingine ilikuwa kunitambulisha kwa watu.

"Mke mwenza," ananiita, "huyu wa bluu ni Mwalimu Mkuu, suruali ya sikukuu. Huyu wa kijani ni nesi wa zamu. Na huyu wa maua ya chungwa ni Mama Neema, gauni lake la Pasaka. Mwangalie anavyojidai, tumuweke pembeni asije akamfunika Mwalimu."

Kwa hiyo mimi nililala chini ya mji. Na msimu wa baridi kavu, ukilivuta lile blanketi gizani, lilikuwa linatoa cheche ndogo za bluu na kulialia, tsi, tsi, tsi. Nguo zile ndivyo zilivyo, zikisuguana zinapiga cheche. Nimelisoma hilo kwenye fizikia ya jioni nikiwa na miaka ya kuitwa mama. Wakati ule nilijua ni Mwalimu Mkuu anagombana na nesi. Nilimwambia Bibi. "Waambie walale," akasema, akageukia ukutani.

Neema alikuwa rafiki yangu, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali aliyehamishiwa Songea kutoka mkoa wa mbali, na mama yake alikuwa mwanamke mpole tu, mgeni, anayesalimia kila mtu mara mbili kwa hofu ya kusahau mila za watu. Walipokwenda msibani wakamwacha Neema alale kwetu. Akaziona cheche. Akafurahi! Tulilivuta blanketi mpaka Bibi akatutishia fimbo. Neema akarudi kwao akawasimulia kwa raha zote: kwa Bibi Otilia tunalala na watu wa mji, wanawaka.

Hazikupita siku nyingi Neema akashikwa na homa. Homa ikampanda, ikawa degedege. Akapelekwa hospitali akiwa amekakamaa. Hospitali wakasema malaria, wakamtundikia dripu. Mama yake akarudi mbio nyumbani kuchukua khanga, na njia yake ilipita kwenye wigo wetu, na juu ya wigo Bibi alikuwa ameanika blanketi lipate jua. Pembeni kabisa, maua ya chungwa.

Wiki ile ile alikuwa amekuja mwanamke kutoka Maposeni akaagiza blanketi la kumpa binti yake anayeolewa, na Bibi alikuwa ameniahidi viatu. Kwa hiyo Jumamosi mchana, nilipoona watu wanakuja kwetu kwa wingi, Balozi wetu wa nyumba kumi mbele, wanawake wa mtaa nyuma, wengine wa sokoni kabisa, nilijua moja kwa moja. Nikakimbilia ndani.

"Bibi! Wateja! Wamekuja wateja!"

Nikatoa mkeka. Nikautandika. Nikatoa wa pili, nikapiga magoti, nikaanza kuwaamkia mmoja mmoja, shikamoo, shikamoo, karibuni mkae. Hakuna aliyekaa. Hakuna aliyeitika. Katika yote yaliyofanyika siku ile, hili la mikeka ndilo linaloniuma jino mpaka leo. Mtoto amekutandikia mkeka, wewe mtu mzima unausogeza kwa kidole cha mguu.

"Mama Otilia," Balozi akaanza, "tumekuja kwa amani."

"Amani gani hii ya watu wengi hivi?" Bibi akasema. "Hata kwenye kipaimara hamkujaa namna hii."

Mama Neema alipenya mbele. Macho yalikuwa yamevimba, khanga ameifunga upande. "Bibi, gauni langu linafanya nini kwenye blanketi lako?"

"Si gauni, mwanangu. Ni kile kilichokatwa kwapani."

"Na unakichomea nini? Kila siku nasikia harufu! Mwanangu anaungua mwili mzima, wewe huku unawasha mishumaa!"

Mji mzima ukaguna. Bibi angesema walikuwa watu wa kujaa mkeka mmoja na nusu, lakini mimi nilikuwa na kimo cha magoti yao na niliona mji mzima.

"Nachoma ukingo usichanue," Bibi akasema. "Ngojeni niwaoneshe."

Bibi yangu, roho yake nyeupe, alidhani hawajui. Alidhani tatizo lao ni kutojua. Akaingia ndani akatoka na kishina cha mshumaa, akawasha, akachukua kipande cha tetroni ya kijani, akakipitisha kwenye mwali taratibu ili wote waone. Nesi wa zamu alikuwepo. Alipiga kelele akashika tumbo. Watu wakarudi nyuma wakakanyagana, mmoja akaacha ndala yake, na Balozi, mwanamume mzima, akajificha nyuma ya Mama Neema.

"Zima! Zima hicho kitu!"

Bibi akapuliza. "Haya. Mwiteni Severini. Yeye ndiye anayenipa, kila Ijumaa, na ninyi mnaomsikia mpo."

Severini alikuwa amesimama pale pale kwenye kona ya nyumba, futi yake shingoni. Sijui alikuja kutazama au alikuja kusaidia. Nilifurahi kumwona. Nikasema moyoni, sasa atapaza ile besi yake, atataja wachumba, watu watacheka, watakaa kwenye mikeka yangu.

"Fundi," Balozi akauliza, "ni wewe unayempa vitambaa vya watu?"

Severini akawatazama. Wote pale walikuwa wateja wake. Nesi ana gauni ambalo halijakamilika, mume wa Mama Neema ana suti ya kaunda mezani. Akashika ncha mbili za futi yake, akazilinganisha kama anapima kitu.

"Mimi takataka zangu natupa nyuma ya baraza," akasema. "Anayeokota simjui."

"Severini," Bibi akasema. Hilo tu, jina lake.

Akatazama ndala zake. Na wale wauza dagaa waliokuwa wanacheka kila Ijumaa, nao walikuwepo, nao wakatazama ndala zao.

Balozi akakata shauri: kila mtu achukue kipande chake. Mtu mmoja akatoa wembe. Bibi akamnyang'anya. "Mtachana," akasema. "Nafumua mwenyewe." Akakaa kwenye mkeka wangu, blanketi mapajani, akafumua mshono mmoja mmoja, uzi anaushikilia mdomoni kama alivyozoea, na kila kipande kikitoka anakiinua juu.

Hapo ndipo ilipokuwa sinema, na ningecheka kama ningekuwa na moyo. Hawakuvijua vipande vyao! Wangevijuaje? Majora yalikuwa yale yale, duka lile lile, nusu ya mtaa ilikuwa imevaa kijani kimoja. Wanawake wawili wakagombania kipande, "Changu hicho!" "Chako wapi, chako kina mstari!", wakavutana kwa ncha za vidole wakiogopa kukigusa. Watu waliokuja kusema kwamba nguo ya mtu ni mwili wake, hawakuutambua mwili wao ukiinuliwa mbele yao. Na wakishapewa, wanasimama nacho mkono umenyooka mbali kama wameshika panya kwa mkia, kwa sababu sasa nani atapeleka kitu kama hicho nyumbani kwake?

Basi wakavizika kwetu. Wakachukua jembe la Bibi, wakachimba shimo kwenye kona ya uwanja wetu, wakatupa vipande, wakamwagia chumvi. Hiyo ndiyo chumvi niliyowaambia. Chumvi yenyewe walichukua jikoni kwetu. Na jembe waliliacha limelala pale, hawakuliosha.

Usiku ule tulijifunika magunia. Nikamuuliza Bibi kwa nini hakuwatukana, hata tusi moja, matusi ya Kingoni alikuwa nayo mazuri.

"Nilikuwa na uzi mdomoni, mke mwenza," akasema.

Neema alipona. Mungu apewe sifa, sikumwombea mabaya hata siku moja. Akarudi kutoka hospitali amekonda, akawa ananipungia mkono dirishani mama yake akigeuka. Hakuna mtu mzima aliyekuja kusema malaria ilikuwa malaria. Mwanamke wa Maposeni hakurudi. Sista alihamishwa, mishumaa ikakoma. Kanisani tulikaa benchi zima sisi wawili, nafasi ya watu watano. Na mwaka ulipoisha Bibi akanifungia kifurushi, nikapakiwa kwenye lori la Namtumbo. Tumbaku ina utomvu unaoshika vidole, hautoki kwa sabuni. Nimeshika majani yale miaka mingi kabla sijashika tena kalamu, na niliposhika ilikuwa jioni, nimechoka, na mtoto mgongoni.

Halafu sikilizeni jambo. Haukupita muda yakaja marobota ya mitumba, kafa ulaya, na Songea ileile iliyozika krimplini kwa chumvi ikajaa gulioni alfajiri kuchambua. Mashati ya watu wasiowajua, kola zina jasho la nchi wasizoweza kuzitaja, wengine wakisema wenyewe kwa vinywa vyao kwamba ni nguo za maiti, hahaha, nipunguzie. Wakavaa! Wakaenda nazo kanisani! Sikuona mtu akichimba shimo.

Bibi alizeeka pale pale. Vipande ambavyo havikudaiwa na mtu, cha Mwalimu Mkuu aliyekuwa amehamishwa, na vyeupe vya shati langu la shule, alivirudishia mshono vikawa blanketi dogo la mtoto. Wanangu wote wamelilalia. Na kila Jumapili, padri akisema tupeane amani, Bibi aligeuka akampa Severini mkono. Hiyo ilikuwa amani yake, alikuwa na haki ya kuigawa. Mimi sikupewa niigawe.

Kwa hiyo siku ile ya mgomba sikumalizia shimo. Niliosha miguu, nikakikunja kipande bado kibichi, nikaenda kwa Severini.

Baraza ipo, cherehani haipo. Yeye yupo, amekaa kwenye kigoda, macho yamefunikwa na mtoto wa jicho, meupe kama maziwa. Nikamwamkia, maana hasira haifuti malezi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Nimekuletea kitambaa."

Nikakiweka kiganjani mwake. Akakisugua kwa kidole gumba, akakinusa, akatabasamu kama mtu aliyekutana na kijana mwenzake wa zamani. "Krimplini. Hizi hazipo tena." Kisha kidole kikafika ukingoni, kwenye vinundu. Kikasimama. Kikarudi nyuma, kikapita tena.

"Wewe ni yule mjukuu," akasema.

"Ndiye."

"Hakuna mwingine aliyeweza kuunguza hivi bila kukunja kitambaa. Hata mimi nilijaribu."

"Nani alikuwa anampa, Fundi?"

"Mimi," akasema, kwa sauti ambayo kuku miguuni pake hakuisikia. "Kila Ijumaa. Kwa mkono wangu."

"Besi yako iko wapi? Sema kwa sauti."

Akageuza yale macho meupe kuelekea barabarani, sikio mbele. "Kuna watu hapo?"

Barabarani palikuwa na mbuzi mmoja amefungwa kwenye nguzo, na mtoto anauza karanga, anazila mwenyewe.

"Wapo," nikamwambia. "Mji mzima."

Nikamngoja. Nilimngoja mpaka mtoto akamaliza karanga zake. Severini alikunja kile kipande mara mbili, mara nne, mkunjo wa fundi, akaukandamiza kwa kucha, akanirudishia.

"Siku nyingine, mama," akasema.

Nikaondoka nacho. Sikumuaga. Nilipofika nyumbani nikafungua kiganja: krimplini ilikuwa imejikunjua yenyewe, haina hata mstari, kama hakuna aliyewahi kuikunja. Nikatunga uzi. Nimeishona kwenye lile blanketi dogo, katikati kabisa, juu ya Mwalimu Mkuu, ijidai inavyotaka.